Bahari Ndani ya Sanduku ya Muzungu

Kule Shasha, mwaka wa hamsini na sita, benchi ya Mama Emérita ilikuwa palepale barabara ya Sake inapopinda, na mama mwenyewe alikoroga kahawa pamoja na maneno ya watu. Asubuhi ile Nestor, boi wa muzungu mwenye shamba, alikaa hapo na kikombe mukononi. Muzungu alikwenda Bukavu akamuachia sanduku ya vioo, ndani maji ya bahari na samaki za rangi, akaagiza: nikirudi nikute maji iko safi. Sasa maji ilikuwa kijani kama sombe, majani ya muhogo, na muzungu anarudi leo. Boi aliyetangulia alivunja gramafoni tu, akachapwa fimbo, akapelekwa gereza ya Masisi. Jamani, Nestor aliogopa sana.

— Ulifanya nini, kaka? akauliza Védaste. Huyu alifagiaka hospitali ya Kirotshe zamani, njo maana wanamuita Docteur.

— Muzungu aliniambia chakula kidogo tu, ya kuokota na vidole mbili. Nikazionea huruma. Zimetoka mbali, ziko bageni! Nikazipa bugali asubuhi na magaribi.

— Bageni hawalalake njaa. Ulifanya muzuri.

— Dirisha aliacha imefungwa, nikafungua zione jua. Na maji ikipunguka naongeza ingine na chumvi, maana bahari iko na chumvi.

— Basi iko malaria, Docteur akakata maneno. Maji iko na homa. Tia kinini.

Evode, waliyemuita Kapita kwa kuwa alisimamiaka kazi ya barabara, akasonya.

— Kinini ya nini? Bahari haipendake kufungwa. Inavimba! Itapasua vioo, itashuka mpaka mu ziwa, samaki zetu zote zitakufa. Na nani watamufunga? Weye.

— Yesu wangu! Nestor akaweka kikombe chini.

Mama Emérita akainama, akapunguza sauti.

— Ile kijani iko namna gani?

— Iko nyuzinyuzi. Inachezacheza kwa maji.

— Njo nywele hiyo. Ya bale balipelekwaka Walikale kuchimba mawe ya bazungu, habakurudia.

Hata Kapita, mutu wa kubisha kila kitu, akafanya alama ya musalaba.

— Juzi nilifunika sanduku na blanketi, Nestor akasema. Sitaki kuiona tena.

Hapo akafika mugeni, Michel, mutu wa Walikale na muzigo wa nyama ya moshi kichwani. Akaomba kahawa, akaelezwa yote, homa, kuvimba, nywele. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Na samaki, akauliza, ziko nzima?

Docteur akamuangalia Kapita. Kapita akaangalia kikombe chake. Mama Emérita akafuta birika iliyokuwa safi tayari.

— Sijui, Nestor akasema. Sijafunua. Naogopa, kaka.

— Basi twende tufunue.

Docteur akasema goti inamuuma leo. Kapita akakumbuka maharagi yake, haijapaliliwa. Honi ya kamioneti, gari ya muzungu, ikalia ng'ambo ya kona, mara moja, ndefu.

Nestor akaanza kukimbia kupanda kwenda nyumba ya muzungu. Michel, ambaye hakujua hata jina la Nestor, akashusha muzigo wa nyama chini, akamufuata mbio. Benchini hakuna aliyeinuka.