Mzee Nakala na Barua Isiyo Yake

Ijumaa hii fundi wetu wa kompyuta, tunayemwita Mzee Nakala, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika maktaba hii. Nimepewa kazi ya kumsifu, nami naiandika kwa haraka: kwenye faili lake kuna barua ya onyo asiyoistahili, na akishaondoka itabaki humo.

Alianza kwa kuandika kadi za vitabu kwa mkono, mwandiko ambao hadi leo hausomeki na mtu ila yeye. Kompyuta zetu zilipozeeka, akaamua kuziwekea Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, usiolipiwa hata senti. Kazi yenyewe si ngumu. Wagumu ni sisi. Jamani, alisema mpaka koo likamkauka: nakili kwanza mafaili yako mahali pengine, jaribu mfumo ukiwa kwenye flashi kabla ya kuusakinisha, na usibonyeze kitu hujakisoma. Tukaitikia ndiyo, ndiyo. Mhasibu akachomoa flashi katikati ya usakinishaji ili achaji simu. Dada wa mapokezi akalalamika siku tatu kwamba mashine imekufa, kumbe imebadilika picha ya skrini tu. Mzee akavua miwani, akashusha pumzi, akaanza upya.

Halafu yupo aliyenakili orodha yote ya vitabu, kazi ya miaka kumi na minne, kwenye flashi. Hapo sawa. Kisha akaichukua flashi hiyohiyo kutengenezea kisakinishi cha Linux, kazi inayofuta kila kilichomo kwenye flashi. Kisha, kwenye kompyuta yenye orodha ile, akachagua kufuta diski nzima. Jamani!

Mzee alifoka, tena sana. Halafu akazitoa kadi zake stoo, na kwa wiki sita akatusomea moja moja tukichapa, huku akigombana na mwandiko wake mwenyewe. Orodha ilikamilika Jumanne.

Bosi alipouliza nani amefuta, Mzee alisema ni yeye. Akapewa onyo, la kwanza tangu aajiriwe, akaniambia nifunge mdomo. Nimeufunga wiki sita, nimechoka. Bosi, ni mimi, mkutubi wako. Naomba barua ile ihamie kwenye faili langu kabla hajakabidhi funguo.

Asante, Mzee wetu, kwa subira na hata kwa makelele. Usininunie. Tunakutakia mapumziko mema, na uondoke na jina safi kama ulivyoingia nalo.