Bwana Alfredi Nandonde na Ripoti Aliyoifuta Mwenyewe

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bwana Alfredi Nandonde, Mkaguzi Mkuu wa Madai ya Bima ya Magari katika Tawi letu la Masasi, anatimiza miaka sitini na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Amelitumikia tawi hili moja kwa miaka thelathini na moja bila kuhamishwa, jambo ambalo makao makuu huliona kasoro na sisi tunaliona bahati.

Alizaliwa Lisekese na kusoma huko huko, kisha akajifunza ufundi wa magari katika gereji ya misheni. Aprili 1994 aliajiriwa hapa kama karani wa mapokezi. Mwaka mmoja baadaye alihamishiwa kitengo cha madai, kwa sababu iliyoandikwa kwenye faili kuwa ni "ujuzi wa kiufundi". Waliokuwepo wanasema sababu hasa ni kwamba alikuwa mtu pekee ofisini aliyeweza kulala chini ya lori akiwa na shati jeupe na kutoka nalo likiwa jeupe.

Vifaa vyake vya kazi havikubadilika katika muda wote huo: tochi, futi ya fundi, na sumaku iliyofungwa kwenye kamba. Sumaku hiyo alikuwa akiipitisha juu ya bodi ya gari. Ikishika, ni bati. Ikianguka, ni pati ya kuzibia mabonde, iliyopakwa rangi. Mwaka 2008 ilianguka mara kumi na moja kwenye gari moja la mfanyabiashara wa Masasi mjini, na mwenye gari akaondoka kabla ukaguzi haujaisha. Hatujamwona tena hadi leo, na gari lake lilikaa uani kwetu miaka mitatu.

Baba Oliva, kama tunavyomwita kwa jina la binti yake wa kwanza, alikuwa pia na sharti lake ambalo halikuandikwa popote. Hakupokea kitu chochote nyumbani kwa mteja kabla ripoti haijasainiwa. Si chai, si mabibo, wala maji ya kunywa. Kukataa maji Newala si jambo dogo, maana kule juu uwandani maji ni ya shida, na mtu akikupa maji amekupa kitu. Akina mama wa Mnyambe, huko huko Newala, walidhani mwanzoni kwamba ana maringo. Baadaye walizoea, wakawa wanamwekea kikombe pembeni na kumwambia asaini haraka.

Amekagua magari elfu nne na ushee. Amefundisha wakaguzi sita, wawili kati yao leo ni mameneja mahali pengine na bado wanampigia simu wakikwama. Hajawahi kushindwa kwenye kesi. Lakini tukio ambalo litakumbukwa zaidi katika tawi hili ni la ripoti moja aliyoiandika kimakosa, na kwa kuwa makao makuu yana maelezo yao kuhusu tukio hilo, ni vizuri tawi nalo liwe na yake. Nilikuwepo. Nilikuwa msaidizi wake.

Agosti 2023 Mwalimu Gasper Chiwaula, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa wa Mnyambe, alikuwa akishuka kutoka Newala kuja Masasi na Pijo lake 504 la mwaka 1979. Mbuzi wawili walikatiza barabara. Aliwakwepa, gari likaingia korongoni na kubingirika mara mbili. Mwalimu alitoka na mchubuko wa kiwiko. Gari halikuwa la kutengenezeka tena, kwa lugha ya ofisi ni hasara kamili.

Wasiolijua gari lile inafaa waelezwe. Mwalimu alilinunua likiwa bovu mwaka 1991, akalijenga upya kwa miaka sita, kipande kwa kipande, vingine akiviagiza kwa barua. Lilikuwa na rangi yake ya awali ya maziwa. Liliwabeba maharusi wa Newala kwa zaidi ya miaka ishirini, bure, na ukiingia sebule nyingi za mji ule utaliona ukutani kwenye picha ya harusi. Lilikatiwa bima kubwa kwa matumizi binafsi, kwa ruhusa maalumu, kwa sababu ya umri wake.

Tulilikagua likiwa kituo cha polisi Newala. Buti lilikuwa limejikunja na halikufunguka, kwa hiyo tulikagua kwa nje. Kwenye mipira ya madirisha, kwenye maungio ya boneti na kwenye mfereji wa paa kulikuwa na unga wa njano. Kila mkulima wa korosho anaujua: ni salfa, ile inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Ripoti ikaandikwa kwamba gari lilikuwa likibeba mizigo ya shamba kinyume cha mkataba, na kwamba thamani yake ni ya gari chakavu, shilingi milioni moja na laki mbili. Tulisaini wote wawili, yeye ukurasa wa kwanza na mimi wa pili.

Wiki mbili baadaye ripoti ilirudi kwenye bahasha. Mwalimu Gasper alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. Pembeni ya jedwali la uchakavu aliandika, "Umenakili kwa jirani." Pembeni ya aya ya salfa aliandika, "Soma swali tena." Chini kabisa alitupa alama nne kati ya ishirini, moja kati ya hizo ikiwa ya mwandiko mzuri. Ofisi nzima ilicheka, na meneja akaibandika ukutani kwa siku mbili.

Baba Oliva hakucheka. Alielewa haraka kuliko sisi maana ya neno "mizigo". Likibaki lilivyo, Mwalimu hapotezi gari tu. Anaingia kwenye orodha ya wateja waliodanganya, na kwa mzee wa kanisa kule Mnyambe habari hiyo ingefika kabla ya hundi. Nilimshauri aache. Nilimwambia mteja ana haki ya kukata rufaa, tumwachie akate. Alichukua funguo za pikipiki, akaniambia nipande.

Tulimkuta Mwalimu nyumbani, kwenye kibanda kitupu cha gari.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Baba Oliva.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na daftari la masahihisho?"

"Nimekuja kuuliza, Mwalimu. Unga ule tuliuona juu ya gari. Ulikuwa unalifunika na nini?"

Mwalimu aliingia nyuma ya kibanda na kutoka na kitu kilichokunjwa. Lilikuwa turubai kubwa lililoshonwa kwa mkono na mkewe, Mama Cecil. Limeshonwa kwa mifuko mitupu ya salfa, arobaini na zaidi. Nani katika uwanda huu asiyejua mifuko ile? Ina nailoni ndani, haipitishi maji, na kila nyumba inayo. Tunaitumia kuanikia, kufunikia kuku, kuzibia madirisha. Tulilikunjua, na unga wa njano ukatumwagikia miguuni.

"Mimi sibishani na bei," Mwalimu alisema. "Bei mtapanga nyie, ndiyo kazi yenu. Nabishana na hilo neno mizigo. Mimi humo nimebeba maharusi, na mara moja askofu."

Mama Cecil alileta maji. Baba Oliva aliyakataa kwa heshima, na Mama Cecil akasema kwamba safari ya kwanza, tulipokuja kuchukua nyaraka za gari, alikasirika, safari hii ameelewa.

Siku hiyo hiyo tulirudi kituoni na fundi Khalfan wa Newala na mtalimbo. Buti lilipofunguka tulikuta zulia la kiwandani, la kahawia, halina hata chembe ya unga. Tairi la akiba lilikuwa kwenye kifuniko chake na jeki ilikuwa imeviringishwa kwenye kitenge. Salfa ilikuwa juu ya gari lote na ndani hamna. Gari lililobeba mizigo huwa kinyume chake. Baba Oliva alilipapasa zulia lile, akaangalia kiganja chake, kisha akasema, "Alama nne alitupendelea."

Ilibaki thamani, kwa sababu gari la namna ile halimo kwenye jedwali letu. Kwa mwezi mzima alitafuta wenye magari kama hayo Mtwara, Lindi na Dar es Salaam. Alipata watano, watatu wakamwandikia wamenunua kwa kiasi gani na wangeuza kwa kiasi gani. Oktoba aliwasilisha barua ya kuifuta ripoti yake, neno mizigo likaondolewa, na thamani ikapandishwa hadi milioni nane na nusu. Makao makuu yalibishana kwa miezi mitatu, kisha yakalipa. Mwalimu alinunua Pijo jingine Lindi, jeupe, na sasa analijenga. Turubai ni la kununua.

Kampuni nayo ina utaratibu wake. Mkaguzi anayefuta ripoti yake hupewa onyo la maandishi, na mwenye onyo hapewi Cheti cha Utumishi Uliotukuka. Jina la Baba Oliva lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya mwaka ule. Liliondolewa. Ndiyo maana wageni waalikwa leo hawataona cheti hicho kikikabidhiwa, na ndiyo maana nimeomba niandike taarifa hii mimi.

Katika barua ile ya Oktoba aliandika kwamba kosa la salfa lilikuwa lake peke yake, na kwamba msaidizi alifuata maelekezo. Si kweli. Pale kituoni yeye alikuwa bado mbele, anapima upana wa ekseli. Mimi ndiye niliyepitisha kidole kwenye mpira wa dirisha, nikamwonyesha njano yake, nikasema gari hili limebeba salfa na hakuna haja ya kuhangaika na buti. Aliniamini. Nilikuwa na miezi saba kazini, katika kipindi cha majaribio, na onyo lile lingenirudisha kwetu Lupaso. Kosa aliliandika kwa jina lake, akalisaini, na hajawahi kulitaja mbele yangu hata tukiwa wawili. Mimi nilinyamaza, na nimenyamaza karibu miaka miwili. Nimeona aibu kila siku ya mshahara.

Kuanzia Jumanne meza yake ni yangu. Sumaku ameniachia, na ameniambia tochi nijinunulie.

Baba Oliva, wafanyakazi wote wa Tawi la Masasi tunakushukuru kwa kazi, kwa utani, na kwa mashati meupe. Mungu akujalie afya, Lisekese ikupokee vizuri, na mikorosho yako izae. Kunywa maji popote utakapokaribishwa. Nakala ya taarifa hii imetumwa makao makuu asubuhi ya leo pamoja na barua yangu, ili viwekwe kwenye faili lako, juu ya lile onyo.

Isabela Charles
Mkaguzi wa Madai, Tawi la Masasi