Amina Kumi na Moja

Mchungaji kiongozi, wazee wa kanisa, mwenyekiti mpya wa Kamati ya Familia ninayekukabidhi kiti leo, akina mama wa kwaya mliowahi viti vya karibu na feni, wageni waalikwa, majirani, na ninyi wanangu mliokaa mstari wa nne pale mlangoni mkidhani siwaoni: Bwana asifiwe.

Nimepewa karatasi yenye kichwa cha hotuba. Imeandikwa, "Imani na Familia Imara Katika Nyakati Zisizotabirika." Ni kichwa kizuri. Nimekuwa mwenyekiti wa kamati hii miaka kumi na miwili, na kila mwaka tumekuwa na kichwa cha namna hiyo, na kila mwaka nimesimama hapa nikazilaumu nyakati. Kazi zinapotea, nyakati. Vijana hawaji ibadani, nyakati. Leo nimechoka nazo. Mniwie radhi nikisema kwa ukali kidogo, maana mimi ni seremala, sikusomea kuzungusha maneno.

Mnamkumbuka mama watoto wangu. Mwezi ujao anatimiza miaka miwili tangu alale. Wengi wenu mmekula mezani kwake, na mnajua kwamba chakula chake kilikuwa kizuri ila mara nyingi kilikuwa kimepoa. Kilipoa kwa sababu ya sheria yake moja. Kabla ya kula, mtu mmoja aliomba, na aliomba jambo lake la siku ile, la kweli, si maneno ya kuazima. Akimaliza, hakuna aliyeruhusiwa kusema Amina. Mama alifuta mikono kwenye aproni, ile ya bluu yenye mfuko uliochanika, akamnyooshea mmoja kijiko cha kupakulia, akauliza, "Mwenzio kaomba nini?" Ukijibu, sote tunasema Amina tunakula. Ukishindwa, sala inarudiwa. Watoto walimwita Polisi, na yeye alijua, na alipenda.

Siku moja tulikuwa na mgeni, mwinjilisti kijana, mwembamba, mwenye njaa. Binti yangu, akiwa darasa la tano, aliomba soli ya kiatu chake ishikilie mpaka shule ifungwe. Mwinjilisti akasema Amina ya kutikisa glasi. Mama akamgeukia na kijiko. "Mwinjilisti, kaomba nini?" Jasho lilimtoka mtumishi wa Mungu. Akasema ameomba amani. Tukarudia. Lakini kesho yake asubuhi, kabla sijafungua karakana, nilimkuta mlangoni ameshika kikopo cha gundi ya viatu. Mwinjilisti yule ndiye mchungaji kiongozi wetu aliyekaa hapa mbele, na sasa si mwembamba tena. Mchungaji, nimeisimulia kwa sababu ndiyo sifa kubwa kuliko zote ninazoweza kukupa. Uliaibika saa moja usiku, na saa moja asubuhi ukaleta gundi.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Tulipomzika mama, watoto walisema tusitawanyike. Kitindamimba wangu akafungua kundi la simu, akaliita Madhabahu ya Familia. Tupo kumi na mmoja humo: mimi, wanangu watatu, wake na waume zao, dada zangu wawili na shemeji zangu wawili. Kila asubuhi mmoja anatuma sala, wengine wanajibu Amina na ile picha ya viganja viwili. Nilifurahi. Nilikuja hapa nikajisifu. Nilisema, na baadhi yenu mliandika kwenye daftari, kwamba familia yangu haijakosa sala hata siku moja. Ilikuwa kweli. Hatukukosa hata siku moja.

Mwezi wa sita, asubuhi, nilipanda ngazi jikoni kukaza rafu ambayo mama aliniomba niikaze alipokuwa hai. Ngazi ikateleza, nami nikaenda nayo. Mguu wa kulia ukakataa. Simu ilikuwa mfukoni, nikaandika kwa kidole kimoja kwenye kundi, chini ya sala ndefu ya kitindamimba: "Nimeanguka kwenye ngazi. Mguu haunyanyuki. Niko jikoni sakafuni."

Nikasubiri. Simu ikalia. Amina. Ikalia tena. Amina, Baba, ubarikiwe. Viganja. Viganja na ua. Nilihesabu, maana sikuwa na kazi nyingine: Amina kumi na moja. Watu ni kumi ukinitoa mimi, lakini shemeji yangu mmoja alituma mara mbili, kwa msisitizo.

Mnacheka. Chekeni, hata mimi nilicheka baadaye, mbavu zilipopona. Lakini niulize: hiyo ni nyakati? Nyakati ndizo zilizobonyeza? Walituma sala saba wiki ile, na hakuna aliyesoma maneno manane ya baba yake.

Aliyenikuta ni jirani yangu fundi cherehani, ambaye hasali kwetu wala popote ninapopajua, na ambaye nimemwombea hadharani mara nyingi abadilike. Alikuwa amekuja kurudisha futi yangu ya kupimia. Hakusema Amina. Alisema, "Mzee, usijisogeze," akavua koti lake akaniwekea chini ya kichwa.

Mchana wanangu wakafika hospitalini. Binti yangu ni muuguzi, amezoea vilio vya watu, lakini siku hiyo alilia kama mgeni wa kazi. Nami sikumhurumia. Nililala pale na plasta yangu nikawasema wote, mmoja mmoja. Nikawauliza mama yao angesema nini. Nilisema sana. Nilikuwa mwenyekiti, nina mazoezi.

Binti akachukua simu, akaanza kupandisha juu ujumbe wa zamani, kutafuta nani mwingine aliyepitwa. Akapandisha, akapandisha, kisha kidole kikasimama. Akampa kaka yake, mwanangu mkubwa, aliyekuwa amesimama dirishani na mfuko wa machungwa. Yeye hakuitazama. Alisema polepole, "Baba, mimi niliandika mwezi wa pili. Wewe ndiye uliyejibu wa kwanza."

Nikasoma. "Kiwandani wamefunga idara yetu. Kuanzia Jumatatu sina kazi. Naomba mniombee." Na chini yake, dakika ileile, jina langu. Amina, mwanangu.

Nilikuwa karakanani siku hiyo, nakumbuka, nikipiga msasa kiti cha mtu. Nilibonyeza kwa dole gumba lenye vumbi, nikarudi kwenye kiti. Mke wake aliubeba mzigo huo pamoja naye, hakutaka kutukumbusha. Mwanangu alidhani tumesikia, tumenyamaza. Kwa miezi minne aliamini kwamba baba yake anajua hana kazi, na hajamuuliza hata neno. Ndiyo maana aliacha kuja nyumbani Jumapili. Ndiyo maana kiti chake hapa kanisani kilikuwa kitupu.

Na mimi nilifanya nini miezi ile? Wazee wa kanisa mnajua, mlikuwepo. Nilisimama kwenye kipaza sauti hiki, kwenye semina ya Pasaka, nikasema kuna kijana ninayemfahamu, amelelewa kwenye sala, leo amepoa, kwa sababu nyakati zimeharibika na pengine mke hamshauri vema. Sikumtaja jina. Nani hakumjua? Mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye kwaya. Aliimba wimbo wa mwisho akaenda nyumbani.

Mkwe wangu, nilikukosea hapa, kwa hiyo naomba radhi hapahapa. Hukumpoza mwanangu. Ulimshika, sisi tulipokuwa tunatumiana viganja.

Mwenyekiti mpya, nimesikia unataka kuanzisha kundi la simu la familia zote za usharika. Anzisha. Simu haina kosa. Ndiyo iliyotunza ujumbe wa mwanangu mpaka tukausoma. Lakini usiniletee taarifa ya Amina ngapi zimetumwa. Niambie nani ameomba nini, na nani amepeleka gundi. Imani itasimama vipi nyumbani kama sala ni kitu cha kubonyeza tukiendelea na msasa? Tunamwambia Mungu atusikie, na sisi hatumsikii aliyeketi, au aliyeanguka, mita mbili kutoka tulipo. Inanikera. Inanikera zaidi kwa sababu ni mimi.

Nawashukuru kwa miaka kumi na miwili. Namshukuru mchungaji, kamati, na jirani yangu fundi cherehani, aliyekubali kuja leo na ameketi karibu na dirisha apate kutoroka akitaka. Namshukuru mama watoto. Rafu yake nimeikaza, na sikutumia ngazi ile.

Ninamaliza kwa ombi moja, ni fupi. Mwanangu mkubwa apate kazi, na kabla ya kazi, aje nyumbani Jumapili hii saa kumi jioni, yeye na mkewe, wakae mezani, simu zote tuziweke kwenye kapu la vitunguu, nami nimuulize habari zake kama nilivyopaswa kumuuliza mwezi wa pili, na anijibu hata kama jibu ni refu na chakula kitapoa.

La, bado. Msiseme Amina. Kwaya, nimewaona.

Mwenzenu kaomba nini?

Mchungaji, wewe shusha mkono, ulishafaulu zamani. Nimeona mkono mwingine, mstari wa nne, pale mlangoni. Simama, mwanangu. Usikimbie maneno, yaseme taratibu.

Ndiyo. Saa kumi. Na mkeo, ndiyo. Kapu la vitunguu, umesikia vema.

Asanteni nyote kwa kusikia. Sasa semeni Amina.