Wiskijeki Hamtaki Lorne

Benchi letu liko mbele ya duka la misumari na chambo, kaskazini mwa Ontario, linatazamana na misonobari. Tunaokaa ni watatu. Kuna Armand, tunayemwita Dizeli kwa sababu anaendesha greda la theluji na ananuka hivyo hivyo. Kuna Lorne, mgane tangu Februari, ambaye miwani yake huisahau kila siku. Na mimi, mwenye chupa ya kahawa. Asubuhi hiyo ya Oktoba, ng'ambo ya barabara, mgeni wa Kireno aitwaye Inês alikuwa akijipiga picha na wiskijeki, yule ndege wa kijivu asiye na haya, anayekunyang'anya mkate ukiutafuna. Ndege katulia kichwani kwake. Lorne naye kanyoosha kiganja chenye zabibu kavu tangu saa mbili, wala haangaliwi. Iliniuma, maana ndiye ndege aliyelishwa na marehemu mkewe, Doreen, nyumbani kwao hapo jirani.

— Ni kamera, akasema Dizeli. Ndege huyu anapenda sifa. Wewe, Lorne, hata simu ya maana huna.

— Acha uzushi, nikamwambia. Yule binti kaja na ndege toka Ureno, kwa hiyo ndege anamwona shemeji.

— Miezi minane nampigia mluzi, akasema Lorne. Minane! Doreen alikuwa anamnong'oneza jina lake tu, huyo, ameshatua.

— Labda haelewi Kiingereza, akasema Dizeli, Mfaransa wetu. Wiskijeki wote wa huku ni Wafaransa, bwana. Tulikuja nao.

— Mliwapakia kwenye mitumbwi? nikamuuliza.

— Kasome historia! Halafu ndege huyu ana kinyongo. Alikuona, Lorne, ukipeleka nguo za marehemu kwenye mitumba ya kanisa. Akasema, huyu hana utu.

Nilimkanyaga Dizeli mguu. Lorne hakucheka.

Mara Inês akavuka barabara, ndege bado yuko juu.

— Samahani wazee wangu. Mbona mkononi hataki, anatua kwenye kofia tu?

Lorne akainua uso. Kofia nyekundu ya sufu, tundu lake limezibwa kwa uzi wa kijani.

— Binti, hiyo umeitoa wapi?

— Kanisani, kwenye mitumba. Nilikuja bila kofia.

— Ni ya marehemu mke wangu, Doreen. Uzi huo nilishona mimi, akasema Lorne. Kumbe alikuwa anamlisha kichwani! Mikono ilikuwa inamtetemeka sana. Mimi nilikuwa nasikia minong'ono tu, niko jikoni.

Ndege aliporuka, Inês aliivua kofia, akamvisha Lorne, akaweka zabibu moja juu. Wiskijeki akazunguka mara mbili, akatua. Wallahi, nilitamani kumkumbatia Lorne.

Inês akapiga picha tatu, akatoa daftari.

— Huwa naandika jina chini ya kila picha. Marehemu mama alikuwa anamwita ndege huyu nani?

Mimi nikatikisa chupa. Haikuwa na kitu.

— Alikuwa amempa jina, akasema Lorne, machozi yakimshuka, kichwa hakitikisiki. Miaka sita akimwita, kila asubuhi. Sikuwahi kumuuliza Doreen ni lipi.