Gari Lililouzwa kwa Ubovu Wake

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wengi wenu mlinijua kwa moshi kabla ya kunijua kwa jina. Gari langu dogo, umri wake sawa na wa binti yangu, liliingia mtaroni pale Mtua. Bodi ikapinda, kisha injini ikaanza kuchemka na kunywa oili. Nilibakiwa na wiki moja ya kulipa ada ya binti huyo chuo cha uuguzi, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mali ya kuuza ilikuwa hiyo tu.

Nina shahada, lakini mpango wangu ulitungwa gereji, nami nikauitikia kama kwaya! Fundi Saidi alimimina oili nzito ili moshi ujifiche, akaziba mikunjo kwa puti na rangi.

"Mwalimu, ukisema kweli utalipwa bei ya chuma chakavu," alinionya. "Wewe tabasamu tu. Kuongea niachie mimi."

Mteja akaja kutoka Malolo, kijana mkulima wa ufuta, Bakari. Ndugu zangu, aliwasha gari, moshi haukutoka! Shati langu likaloa mgongoni. Akaisifu rangi. Akatoa bahasha. Kisha akanigeukia mimi, si fundi.

"Mwalimu, ufuta wangu ukifika ghalani, wanunuzi hawaangalii wa juu. Wanadunga gunia kwa chuma hadi chini. Hili gari lako, chini ya gunia kuna nini? Mke wangu mjamzito, nataka nimpeleke nalo Lindi kujifungua."

Fundi akakohoa. Akilini nikamwona binti yangu akirudi nyumbani na begi lake. Nikamwona na mke wa Bakari amekwama porini, boneti juu. Nikaomba moyoni, "Bwana, nifunge mdomo!" Naye akaufungua! Nikataja yote: gasketi imeungua, chesisi imepinda, oili ni ya kudanganyia.

"Mwalimu, umesoma mpaka umeharibika!" alifoka fundi.

Bakari akarudisha bahasha mfukoni, akaondoka.

Siku ya tatu wakaja watu watatu kutoka Ruangwa. Mmoja alitaka giaboksi, mwingine milango ya upande uliopona, wa tatu matairi na betri.

"Bakari katuambia kwa Mwalimu hakuna haja ya kukagua, anataja mwenyewe," walisema.

Hawakubishana bei! Baada yao wakaja wa viti na taa. Gari zima lisingeniletea nilichopata kwa vipande vyake. Ada ikalipwa siku ya mwisho! Bakari naye alikodi gari lisilo na ubovu la kumpeleka mkewe Lindi, na mkewe amejifungua salama.

Ndugu zangu, kama kesho kuna mtu anakuja kununua kwako, mwambie kabla hajauliza. Utatetemeka, mimi nilitetemeka. Mtumaini Mungu hukohuko kwenye kutetemeka. Jina lake lihimidiwe! Na mnaorudi upande wa Mkotokuyana, nisogezeeni nafasi. Sina gari.