Kikombe cha Rubani

Nyuma ya banda la ndege, pale ukuta unapotupa kivuli mpaka karibu adhuhuri, pana benchi la mbao lenye mguu mmoja uliofungwa waya. Hapo Mama Birika huuza kahawa, na hapo mambo yote ya dunia huamuliwa kabla dunia yenyewe haijapata habari. Jina hilo hakupewa na wazazi, alipewa na birika lake, kuukuu, lililobonyea ubavu, lenye kifuniko kisichokaa ila upande mmoja tu. Kikikaa vibaya hucheza kachakacha mpaka meno yanakuuma. Ndiyo maana alipaka nukta mbili za rangi ya kucha, moja kwenye kifuniko na moja kwenye birika. Zikitazamana, kimya. Lakini siku hiyo hata birika lilipotulia, moyo wake haukutulia. Ile ndege ndogo ya viti vinne iliyomo bandani ilikuwa imeshikwa na tetemeko. Fundi wake ni mkwewe, na rubani wake ni binti yake wa kumzaa.

Fundi alitoka bandani, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, akakaa mwisho kabisa wa benchi, mbali kidogo na mama mkwe, kama inavyopasa.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Inasemaje?

— Inasema yale yale. Injini ikichanganya tu, tetemeko linapanda kutoka miguuni mpaka kwenye kiti. Leo asubuhi mke wangu aliweka kikombe chako kimoja cha kahawa pale mbele yake, tujaribu. Nusu ya kahawa imemwishia mapajani.

— Kaungua?

— Hapana, mama. Ilikuwa imepoa. Aliyeungua ni mimi. Mwenye ndege kasema saa nane ikinikuta sijaiona kasoro, analeta fundi mwingine, mimi nikapumzike nyumbani.

Mama Birika alimimina kahawa. Miaka kumi na moja sasa, huyu anatengeneza na yule anarusha. Binti akiwa juu, mama hulala usingizi mzuri wa mchana, maana anajua kila boliti imekazwa na mtu anayemsubiri mrushaji arudi kula. Fundi mwingine atamsubiri nani?

— Gurudumu hilo, alisema Trekta. Huyu aliendesha trekta miaka thelathini, akastaafu yeye tu, mdomo ukabaki kazini. — Mie langu lilitetemeka hivyo hivyo. Kumbe tope limeganda tairi la upande mmoja!

— Magurudumu nimeyakagua, mzee wangu. Na ikiwa angani, gurudumu linakanyaga nini?

— Linakanyaga hewa! Unadhani hewa haina makorongo?

— Yanafukiwa na nani hayo makorongo, kijana wa zamani? aliuliza Profesa. Miwani yake ina kioo kimoja, ila anasema ndicho kinachoona mbali. — Jamani, wahenga walishamaliza. Debe shinda haliachi kutika. Ndege ina viti vinne, anakaa mtu mmoja. Ijazeni! Tupeni magunia mawili ya mchele kule nyuma, mtaona kama itafurukuta.

— Nimeijaribu na mzigo, Profesa. Inatetemeka na mzigo wake.

— Basi ni uzee. Ya mwaka gani?

— Ina umri kama wako.

— Aa, basi si uzee.

Trekta alicheka mpaka kahawa ikampalia. Profesa akajimiminia kikombe kingine, akakirudisha kifuniko ovyo. Kachakacha, kachakacha, juu ya makaa. Mama Birika akanyoosha mkono bila kutazama, akakizungusha. Kimya.

— Umebadilisha zile raba za chini ya injini? aliuliza Trekta.

— Mpya zote. Boliti nimezikaza, plagi nimezitoa moja moja nikazisafisha. Pangaboi nimelipapasa bapa zima kama mtoto mwenye homa, halina hata mkwaruzo.

— Umeona sasa? Kila kitu kizima, alisema Profesa, akasimama, maana mawazo yake makubwa hayakai. Kwa hiyo si ugonjwa, ni furaha! Mcheza kwao hutunzwa. Hiyo ndege inacheza, tena inacheza kwao, bandani. Itunzeni! Mtu aifunge hata kitambaa pale puani.

— Wewe, hiyo methali ni ya ngoma.

— Na injini inapiga nini, kinanda?

— Mi naona, Trekta akainama kwa siri, sauti yake ya siri ikasikika mpaka getini, ndege ni nzima. Anayetetemeka ni rubani. Yeye akitetemeka, kiti kinatetemeka. Kiti kikitetemeka...

Alinyoosha mkono achukue kikombe chake, akashika hewa. Kilikuwa kwa Mama Birika.

— Rudia, baba. Nani anatetemeka?

— Nimesema... ndege, mama yangu. Ndege ndiyo inatetemeka.

— Nilidhani nimesikia vibaya.

Akarudishiwa, kimepungua.

Hapo akatokea mama mmoja wa makamo, begi begani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

— Hamjambo hapa? Nimeambiwa ndege ya saa nane iko hapa. Mimi ndiye abiria. Nakwenda kumwona mjukuu wangu wa kwanza.

Fundi, ambaye uongo hajui, akamweleza yote, kuanzia tetemeko mpaka kahawa ya mapajani.

— Pole, mwanangu. Mimi ni fundi cherehani, ndege siijui. Ila cherehani ikinianzia kutetemeka, huwa najiuliza kitu kimoja tu. Kabla haijaanza, nilishika nini?

Profesa alinyoosha mkono kwenye birika. Trekta akakuna goti.

— Kabla haijaanza... alisema Fundi polepole. Sikuitengeneza. Niliipaka rangi tu.

— Wapi?

— Ile kofia ya puani, inayofunika katikati ya pangaboi. Mke wangu alikuwa akisema ingependeza ikiwa nyekundu. Nikaifungua, nikaipaka, nikaifunga. Rangi haina uzito wa kutikisa ndege.

Profesa alikuwa amejimiminia tena, kifuniko kakirudisha ovyo. Kachakacha, kachakacha. Mama Birika akazungusha kifuniko, nukta ikaitazama nukta, kimya. Fundi alikuwa ameukodolea macho ule mkono.

— Mama. Rudia hivyo.

— Hivyo vipi?

— Kizungushe tena!

Akakizungusha. Kachakacha. Akakirudisha. Kimya.

— Yallah! Alama! Ile kofia ina alama yake, tundu gani likae na bapa gani! Nimepaka rangi juu ya alama, nikaifunga upande usio wake!

Akakimbia, akasahau heshima zote, akamruka mama mkwe miguu. Trekta na Profesa nyuma yake. Mama Birika na mgeni wakabaki na benchi.

— Kaa, dada. Wao hawawezi kukaa.

Kutoka bandani zikasikika kelele za kukwangua, kisha "Hii hapa! Hii hapa!", kisha bisibisi. Baadaye kidogo Rubani alipita mbio, akamimina kikombe kikajaa pomoni, akapotea nacho. Injini ikanguruma. Ikapanda, ikapanda tena, mpaka mabati ya banda yakaimba. Mama Birika alishika kifuniko kwa mikono miwili, sijui kwa nini, labda alidhani kinasaidia. Kisha kimya.

Rubani akaja na kikombe mkononi, wanaume watatu nyuma yake. Akakiweka mbele ya mama yake. Kitupu kabisa.

— Imemwagika yote? Mama Birika alinong'ona.

— Nimeinywa, mama. Mlitaka kahawa itulie mbele yangu vile, niitazame tu?

Benchi lilipasuka kwa vicheko hata waya wa mguu ukalegea.

— Nazunguka mara moja peke yangu, Rubani akamwambia mgeni, nikishuka salama tunakwenda kwa mjukuu.

— Nilisema mimi, alisema Profesa. Mcheza kwao...

— Nyamaza, alisema Mama Birika, akimmiminia mgeni. Leo methali naisema mimi, na naiweka mahali pake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Akafunika birika, nukta kwa nukta.