Sauti Mbaya Nyuma ya Kufuli

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana mimi nimewahi kuitikia nikiwa nimefungiwa.

Mnanijua, Skola wa hapa Mbekenyera, mtu wa ndani ndani. Hata Ruangwa mjini siendi mpaka nisukumwe. Ndiyo maana nilipoacha kuonekana kanisani hakuna aliyeshangaa. "Bibi Skola kajikunyata kwake," mkasema. Kumbe nina kufuli mlangoni!

Ndugu zangu, aliyenifungia ni Deo, mwanangu wa kumzaa. Nilipoanza kuanguka anguka njiani, alisema namtia aibu. Korosho zilipotoka ghalani, kufuli la ghala likakosa kazi, akalihamishia kwangu. Mkongojo wangu akauchukua. Chakula kilikuja walipokumbuka. Nikiomba maji, mkwe wangu husema, "Mama, unywe halafu uloweshe mkeka?" Nikaacha kuomba. Nilidhani kumtesa mzee ni mpaka apigwe, na Deo hakuwahi kuniinulia mkono. Kidato cha pili nilifika, lakini hilo sikufundishwa!

Ikafika zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwetu. Zamu hairukwi, mnajua. Nikamsikia Mama Resti, mwenyekiti wetu, akiuliza uani, "Bibi yuko wapi?"

Mkwe wangu akajibu, "Kaenda Nachingwea kwa mdogo wake."

Mkaanza kuimba. Mimi nimelala mkekani, machozi yananiingia masikioni. Nikinyamaza, nafia humu. Nikitoa sauti, namvua nguo mwanangu mbele za watu. Ee Mungu, mzazi achague lipi hapo? Nikaimba.

Sauti yangu mnaijua! Mwalimu wa kwaya alishanisihi nipige makofi tu. Wimbo wenu ukakatika.

"Ni redio hiyo," Deo akasema.

"Redio gani inaimba vibaya hivi?" Mama Resti akamjibu. "Huyo ni Skola! Fungua, baba. Fungua!"

Akafungua. Hakuna aliyecheka. Mliiona miguu yangu, mkaiona na ndoo pale pembeni, mkaangalia chini. Mkanibeba pamoja na mkeka wangu.

Sasa naishi Nachingwea kwa mdogo wangu kweli; uongo wa mkwe umetimia. Mdogo wangu huyo ndiye aliyenileta leo niwashukuru. Deo hajaja kuniona. Pikipiki ikisimama nje, nageuka kutazama mlangoni. Ndugu zangu, niombeeni, na yeye mumwombee.

Namshukuru Mungu aliyeninyima sauti nzuri, maana ingekuwa nzuri msingeitambua! Mtumainini, nawaambia; anamsikia hata anayeharibu wimbo. Ila siku ile alinisikia kwa masikio yenu. Basi mkifika nyumba ya watu mkaambiwa bibi amelala, msiage. Vuteni mkeka, mkae, mseme: tunangoja aamke.